Mshika Mfuko

Katika nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, sala ya Bwana husaliwa kila jioni kwa vinywa viwili na kwa maneno yasiyolingana. Mume alilelewa katika kanisa la Kiprotestanti. Akifika pale penye ombi la kulindwa, hutamka neno majaribu. Mke alizaliwa katika ukoo wa Kikatoliki uliohamia kisiwani zamani kutoka Bara. Yeye, hapo hapo, hutamka kishawishi. Kwa zaidi ya miaka thelathini sauti zao zimekuwa zikienda pamoja tangu mwanzo wa sala, zikaachana kwa neno hilo moja, kisha zikakutana tena mbele. Watoto wao walikua wakidhani kwamba ndivyo sala ilivyo: kwamba kuna mahali ambapo baba na mama hawana budi kupishana kidogo kabla ya kusema amina.

Maneno hayo mawili si watoto wa tumbo moja. Jaribu ni kipimo. Jahazi jipya hujaribiwa kwa maji, na rafiki hujaribiwa kwa shida. Aliyejaribiwa akafaulu hutoka na hadhi kubwa kuliko ile aliyoingia nayo. Kishawishi ni kitu kingine. Hicho ni sauti inayobembeleza, ni mkono unaovuta kanzu kwa nyuma, ni tamu inayojua jina la mtu. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja tu, peirasmos, linalobeba maana zote mbili, na wafasiri wa kila lugha wamelazimika kuchagua. Ugumu huo umefika hadi zama hizi. Desemba 2017 Papa Fransisko alisema hadharani kwamba tafsiri inayomfanya Mungu aonekane kana kwamba ndiye amtiaye mtu kishawishini haikukaa vyema, kwa kuwa baba hamsukumi mwanawe ili amtazame akianguka. Mwanzoni mwa mwezi huo huo Wakatoliki wa Ufaransa walikuwa wameanza kutumia maneno mapya, na Italia ikafuata katika kitabu chake cha Misa cha mwaka 2020. Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya kwanza, ulikwisha kulisema jambo hilo karne nyingi nyuma. Humo tamaa imefananishwa na mwanamke mjamzito: mtoto wake ni dhambi, na mjukuu wake ni mauti. Mungu hayumo katika ukoo huo.

Mume wa nyumba ile ni mwalimu mstaafu, na hata leo mtaa mzima humwita Mwalimu. Ni mtu wa kimya, mpenzi wa mashairi, mwenye daftari lenye jalada gumu ambamo huandika beti zake kwa kalamu ya wino na kuzihesabu mizani kwa vidole. Alipostaafu, waumini wa kanisa lake dogo walimchagua awe mtunza hazina. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi, hanywi, hachezi kamari, na wanafunzi wake wa zamani wangali humwamkia kwa adabu hata wakiwa na mvi.

Wadhifa huo ulikuwa na mwiba ambao hakuwahi kumwambia mtu. Injili ya Yohana, katika sura ya 12, inaeleza kwamba miongoni mwa wanafunzi kumi na wawili yuko aliyekuwa akishika mfuko wa fedha, na kwamba alikuwa na desturi ya kuchukua kilichotiwa humo. Mtu huyo ni Yuda. Watu wengi hukumbuka vipande thelathini vya fedha na busu la bustanini, wakausahau ule mfuko. Mwalimu hakuusahau. Kila Juma Kuu, somo hilo liliposomwa, alihisi kana kwamba benchi zima limegeuka kumtazama yeye. Yuda hakuanza kwa kumuuza Bwana wake. Alianza kwa sarafu. Bandubandu humaliza gogo.

Na Mwalimu alikuwa na bandu lake. Mwaka 2023, mwisho wa mwezi, pencheni ikiwa bado haijaingia na dawa za presha za mkewe zikiwa zimekwisha, alifungua kasha la chuma lililo katika chumba cha nyuma ya altare akatoa shilingi 40,000. Siku ya tisa alizirudisha. Aliongeza shilingi 1,000 juu yake, kama mtu anayejitoza faini mwenyewe, akafunga kufuli, akaenda zake. Hesabu za mwezi zilisomwa mbele ya waumini, na zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Walimpigia makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyomtia hofu. Wahenga wanasema mchovya asali hachovyi mara moja, na kwa kawaida methali hiyo hufahamika kuwa ni onyo juu ya utamu wa asali. Yeye aligundua kwamba ina maana nyingine iliyojificha. Kinachomrudisha mchovyaji si utamu peke yake. Ni kule kuona kwamba alichovya na mbingu haikuanguka. Kama angekamatwa, angepona. Kama angeshindwa kurudisha, aibu ingemfunza. Lakini alichukua, akarudisha, akapigiwa makofi, na tangu siku hiyo alijua jambo ambalo mtunza hazina hapaswi kulijua: kwamba inawezekana. Usiku huo aliandika ubeti mmoja katika daftari lake:

Ufunguo mkononi, na mlango wafunguka,
Sauti yaja moyoni, chukua pasi na shaka,
Utarudisha mwishoni, hakuna wa kukucheka,
Nitashikwa naye nani, Bwana, nikitetereka?

Alijaribu kuandika ubeti wa pili, asiweze. Shairi lilibaki na ubeti mmoja kwa muda wa miaka miwili.

Mwaka 2025 mwezi wa Ramadhani uliandama mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 ya mwezi huo huo. Haitokei kila mwaka kwamba Kwaresima na Ramadhani zinatembea bega kwa bega. Mchana mitaa ilipoa, vyungu vikanyamaza, na Mkristo aliyefunga hakuwa na haja ya kujieleza kwa mtu yeyote. Jioni sahani zilivuka kutoka mlango hadi mlango chini ya kawa, na nyumba ya Mwalimu ilipokea uji wa futari kutoka kwa majirani kama ilivyopokea miaka yote.

Katika siku hizo kasha la kanisa lilikuwa na uzito usio wa kawaida. Paa lilikuwa likivuja, masika yalikuwa yakikaribia, na waumini walikuwa wamechanga shilingi 2,340,000. Kamati ilikubaliana kwamba fedha hizo zisipelekwe benki, kwa kuwa fundi angeanza kununua mbao kidogo kidogo. Kisha fundi akapata kazi Pemba, akatuma salamu kwamba atarudi baada ya Pasaka. Fedha zikalala. Ufunguo wa kasha ulikuwa mmoja, nao ulining'inia kwenye kamba shingoni mwa Mwalimu, chini ya shati.

Wiki hiyo hiyo binti yake wa mwisho alipata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Bara. Ada ya kuanzia ilikuwa shilingi 850,000, na siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Ijumaa tarehe 14 Machi. Mwalimu alikuwa na 310,000. Alikwenda kwa ndugu, kila ndugu akamwonyesha mzigo wake mwenyewe. Alikwenda kwa mwanafunzi wake wa zamani mwenye duka. Akaambiwa aje baada ya Sikukuu, biashara ikikaa vizuri. Binti hakusema neno. Alikuwa ameosha sare yake nyeupe, ya kuazima, akaitundika ukutani ambapo kila anayeingia sharti aione.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kujifanya yenyewe kichwani mwa mtu aliyezoea hesabu. Fundi harudi hadi mwisho wa Aprili. Pencheni mbili zitaingia kabla ya hapo. Mwenye duka ameahidi. Fedha zilizolala si fedha zilizoibwa. Binti akiwa muuguzi atawahudumia hao hao waliochanga. Kila hatua ilikuwa sahihi, na jumla yake ilikuwa wizi.

Katika makanisa mengi duniani, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mwaka huo, tarehe 9 Machi, ilisomwa habari ya majaribu ya Yesu jangwani kama ilivyoandikwa na Luka katika sura ya 4. Mwalimu alikuwa ameisikia tangu utotoni. Safari hii aliisikia akiwa na ufunguo kifuani, na baadhi ya mambo yalimgonga kwa mara ya kwanza. Jambo la kwanza ni kwamba mkate si kitu kibaya. Mtu aliyefunga siku arubaini ana haki ya kula, na huyo huyo Yesu baadaye aliwalisha maelfu nyikani. Ibilisi hakumletea sumu. Alimletea haja yake ya kweli, katika saa yake ya kweli, kwa njia isiyokuwa yake. Kishawishi chenye sura mbaya hakimpati mtu mzima. Kinachompata ni kile kilichovaa sare nyeupe ya mwanawe.

Jambo la pili ni mpangilio. Mathayo anaweka hekalu katikati na kumalizia kwa falme za dunia. Luka anageuza: kwake jaribu la mwisho, lililo kali kuliko yote, linatokea juu ya kinara cha hekalu, mahali pa ibada, na Ibilisi anazungumza kwa maneno ya Zaburi ya 91. Anajua kusoma. Mwalimu alipofika hapo aliinamisha kichwa, kwa sababu usiku uliotangulia yeye pia alikuwa amejisomea. Alikuwa amefungua kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 21, ambapo Daudi mwenye njaa alipewa mikate mitakatifu akala, na akakumbuka kwamba Yesu mwenyewe aliwahi kuitaja habari hiyo alipowatetea wanafunzi wake. Alikuwa ameridhika sana na ugunduzi huo. Ila Daudi aliomba, na kuhani ndiye aliyempa. Daudi hakuwa na ufunguo.

Jambo la tatu liko mwishoni, nalo wasomaji wengi hulipita mbio. Luka hasemi kwamba Ibilisi alishindwa akatoweka. Anasema alimwacha kwa muda. Aliyeshinda leo hajapewa cheti cha kesho.

Alasiri ya Jumatatu alishuka na daftari lake hadi baraza ya jirani yake, mshona kanzu, ambaye wamekuwa wakibadilishana mashairi tangu ujana wao. Mzee huyo alikuwa amefunga kama yeye, na cherehani yake ilikuwa haipumui, maana kila mtu kisiwani alitaka kanzu kabla ya Idi. Mwalimu hakumwambia habari ya kasha. Alizungumza kwa mbali, kwa njia ya vitabu, kama wafanyavyo watu wenye aibu.

Alimsimulia habari ya Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, na ambaye baadaye alikuwa askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo alijishitaki kwa kosa la umri wa miaka 16: yeye na vijana wenzake waliiba peya za jirani usiku, wala hawakuwa na njaa, nyingi waliwatupia nguruwe. Kilichomsumbua hadi utu uzima si thamani ya matunda, bali kule kufurahia kosa kwa sababu ni kosa. Na aliongeza jambo moja: kwamba kama angekuwa peke yake, asingeiba.

Mshona kanzu alisikiliza bila kuinua macho kwenye pindo. Akasema kwamba na watu wa pwani wana kisa chao cha namna hiyo, na Wakristo wanacho pia: Nabii Yusuf katika nyumba ya yule bwana mkubwa wa Misri. Katika Mwanzo sura ya 39 aliiacha nguo yake mkononi mwa mwanamke akakimbia. Katika sura ya Kurani yenye jina lake, kanzu ilichanika kwa nyuma, na mpasuko huo ndio uliokuwa shahidi wake.

"Sasa tazama, Mwalimu," akasema, "huyo ni mtume. Hakusimama kujadiliana. Alikimbia. Wewe na mimi tunakaa tunajadili."

Kisha akaingia mteja na kitambaa cha kanzu, na Mwalimu akashuhudia jambo alilokuwa ameliona mara nyingi bila kuliuliza. Mshonaji hakukipokea kitambaa na kumwambia mwenyewe aende. Alimtaka aketi, akakipima, akakikata mbele yake, na vipande vilivyobaki akavikunja akamrudishia mkononi. Mteja alipoondoka Mwalimu alimuuliza kwa nini humweka mtu kwenye baraza muda wote huo, ilhali kila mtu anamwamini.

"Wao wananiamini," akajibu mzee. "Mimi ndiye sijiamini. Kitambaa kizuri kikilala na mimi usiku mzima, asubuhi mkasi unakata vyengine. Nilijijua tangu nina miaka ishirini. Basi kila mwenye kitambaa na akae."

Mwalimu alirudi nyumbani na maneno hayo. Aliyapima kwa yale ya Augustino, akaona jambo ambalo vitabu vyake havikumwonyesha. Kijana wa Thagaste aliangushwa na wenziwe. Bila wao asingeiba. Yeye hali yake ilikuwa kinyume. Mbele ya mtu yeyote, hata mtoto mdogo, asingegusa shilingi. Adui yake hakuwa genge la marafiki, wala fedha. Adui yake alikuwa kile chumba cha nyuma ya altare, saa ya adhuhuri, mlango ukiwa umerudishwa.

Watawa wa kale wa Misri waliujua upweke kuliko wote. Antoni, anayesemekana kuzaliwa karibu na mwaka 251 na kufariki 356, aliuacha mji akaenda jangwani akidhani ameyaacha majaribu nyuma, na Athanasio aliyeandika maisha yake anaeleza jinsi yalivyomfuata huko huko. Miongoni mwa masimulizi ya wazee wa jangwani kimo kisa cha ndugu aliyemlalamikia Abba Poemeni kwamba mawazo mabaya yanamjia na hawezi kuyazuia. Mzee akamtoa nje, akamwambia atandaze vazi lake aukamate upepo. Ndugu akasema haiwezekani. Akaambiwa kwamba basi na mawazo hayazuiliki kuja. Kazi yake ni kusimama dhidi yake. Na jambo jingine ambalo watawa hao walilisisitiza ni kumfunulia mzee mawazo yaliyomo moyoni, kwa sababu wazo lililofichwa hunenepa, na lililotamkwa mbele ya mwingine hupoteza nguvu zake.

Kwa mtu wa kisiwani kisa cha upepo hakihitaji maelezo. Hakuna nahodha anayeizuia kaskazi. Anachoweza ni kujua imefika, kushusha tanga mapema, na kutokuwa peke yake chomboni.

Usiku wa Jumatano tarehe 12, baada ya sala ya tarawehe kumalizika na mitaa kujaa tena watu, Mwalimu alitoka nyumbani bila kumwambia mkewe aendako. Njia yake ilipita Mkunazini, pembeni mwa kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo. Kila mkaazi wa mji anaijua habari hiyo na kwa kawaida hupita bila kusita. Usiku huo alisita. Ilimjia kwamba waliouza na kununua pale hawakuwa majini. Walikuwa watu wenye madaftari, wenye watoto wa kusomesha na madeni ya kulipa, na hesabu zao bila shaka zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Kilichokuwa kibaya hakikuwa katika hesabu.

Nyumba aliyoiendea ilikuwa ya mjane mmoja, mzee wa kanisa, ambaye kila Jumapili huhesabu naye sadaka. Mama huyo hupika vitumbua na kaimati za kuuza mwezi mzima wa Ramadhani, na alimkuta akiosha karai. Mwalimu alipiga hodi mara tatu. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, Paulo anaahidi kwamba pamoja na kila jaribu Mungu huweka mlango wa kutokea. Kwa miaka mingi Mwalimu alidhani mlango huo ungefunguka wenyewe, kwa nuru, moyoni mwake. Hakujua kwamba ni mlango wa mtu mwingine, na kwamba unataka hodi.

Aliuvua ufunguo shingoni akauweka juu ya meza.

"Mama, nakuomba uushike huu. Mimi nisikae nao tena peke yangu."

Mama aliutazama ufunguo, kisha akamtazama yeye. "Kaa kwanza, Mwalimu. Umekula?"

Alikaa. Alikula kitumbua kimoja kwa shida, kisha akasema yote: ada, sare ukutani, hesabu iliyojifanya yenyewe, mikate ya Daudi. Na alipoona kwamba bado hajakifikia kiini, akasema habari ya zile 40,000 za mwaka 2023.

Mama hakumfariji. Alikaa kimya kwa muda mrefu, mikono yake ikiwa na povu la sabuni.

"Elfu arubaini ulirudisha," hatimaye akasema. "Sawa. Lakini mimi nimehesabu na wewe Jumapili zote hizo, meza moja, na hukuniambia. Mimi ningekupa, Mwalimu. Si zote, ila ningekupa." Akajifuta mikono. "Jumapili utawaambia kamati. Mimi nitakaa karibu yako, lakini utasema mwenyewe."

Alisema mwenyewe. Mkutano haukuwa wa huruma mwanzo hadi mwisho. Mmoja wa wajumbe, rafiki yake wa miaka mingi, alitaka aondolewe siku hiyo hiyo, wala hakusema uongo aliposema kwamba imani ya watu si mpira wa kuchezea. Mwisho waliamua aendelee kuandika hesabu, ila kasha litiwe kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili, wala yeye asiwe mmojawapo hadi mwaka upite. Rafiki yule humwamkia mpaka leo, lakini hampitii tena nyumbani kwake jioni.

Ijumaa tarehe 14 ilikuwa imekwisha kupita, na ada haikulipwa. Binti alipoteza nafasi ya Machi. Baba yake alimweleza sababu, bila kuacha kitu, kwa kuwa alikwisha kujifunza bei ya kuacha kitu. Binti hakumsifu. Aliiteremsha sare ukutani, akairudisha kwa mwenyewe, na kwa muda wa wiki nzima hakuzungumza na baba yake ila salamu. Kisha akapata kazi ya kusimama dukani, akaweka akiba yake pamoja na ya baba, na mwezi wa Oktoba akaenda kuanza masomo katika chuo kingine, miezi saba nyuma ya wenzake. Hakuna muujiza uliotokea. Hakuna bahasha iliyokutwa chini ya mlango. Kuna hadithi za dini zinazopenda kumlipa mshindi kabla ya jua kutua. Hii si miongoni mwao, na Injili ya Luka haimwonyeshi Yesu akipewa mkate mara tu alipoukataa.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 20 Aprili. Kesho yake zikaja habari kwamba Papa Fransisko amefariki dunia. Katika nyumba ya Ng'ambo mke alilia kidogo, kisha wakasali. Walipofika pale penye maneno mawili, Mwalimu alijikuta amenyamaza, akamwacha mkewe atamke lake peke yake. Alikuwa ametumia maisha yake yote neno majaribu, neno lenye heshima ya mtihani, neno ambalo mwalimu hulipenda kwa sababu lina kufaulu na kufeli. Usiku huo alitambua kwamba kilichompata hakikuwa mtihani. Alibembelezwa, naye alikuwa tayari kubembelezeka. Neno la mkewe lilikuwa halina heshima, ila lilikuwa la kweli zaidi. Baadaye, kabla ya kulala, alifungua daftari lake akaandika ubeti uliokuwa umemshinda kwa miaka miwili:

Ufunguo wa pamoja, mikononi mwa wawili,
Akilegea mmoja, mwenziwe hayuko mbali,
Usiku ukishakuja, moyo watulia kweli,
Nitashikwa naye nani, Bwana, nikitetereka?

Kibwagizo alikiacha kama kilivyokuwa. Jirani yake mshona kanzu, aliposomewa beti hizo, alisema kwamba vina vimekaa na mizani imetimia, ila swali limejibiwa mstari wa pili, basi kwa nini bado linaulizwa? Mwalimu alijibu kwamba kesho nayo ina usiku wake.

Mabati yalipigwa masika yalipokwisha. Kasha lina kufuli mbili, moja ya zamani na moja mpya. Kila Jumapili, baada ya ibada, watu wawili hutembea pamoja hadi chumba cha nyuma ya altare, na Mwalimu huwafuata na kitabu chake cha hesabu. Mlango huachwa wazi.